Umerudi!

Tulipata jina usiku mmoja Kadutu,
giza limetukalia siku ya nne,
Cirhuza na gitaa lake bubu,
Nabintu akichapa bidoni la njano kwa mti wa ufagio,
mara balbu ya jirani ikakohoa, ikawaka,
na kilima kizima, watoto, kina mama, walevi,
kikapaza koo moja: Umerudi!
Tukatazamana.
Basi, akasema Akonkwa, hilo ndilo jina.
Bendi gani nyingine ya Bukavu
inatangazwa na mtaa mzima bila kulipa hata franka?

Watu hutuuliza kwa nini tunapiga mbio,
nani anatufukuza.
Anatufukuza SNEL.
Wimbo wa dakika tano ni wa wenye jenereta.
Sisi dakika mbili, kodi tatu
(za gitaa, si zile za sokoni),
kiitikio, kelele, kiitikio,
na zikibaki sekunde, kiitikio tena.
Juzi ulikatika nikiwa kwenye neno nakup—
na hadi leo yule msichana wa Nyawera
hajui kama nampenda au nampisha.

Besi yangu ina nyuzi tatu halali,
ya nne ni waya wa breki ya baiskeli.
Sahani ya Nabintu ni kifuniko cha gurudumu
kilichodondoka kwenye gari jeupe la shirika
pale mteremko wa Essence.
Hatukuiba. Tuliokota. Tofauti anaijua Mungu.
Spika ni ya kwaya:
tunaichukua Jumatano, tunairudisha Alhamisi kabla ya ibada,
ngazi mia mbili na kumi na sita za matope,
Akonkwa mbele, mimi nyuma,
tumeikumbatia kama mgonjwa wa kupelekwa hospitali,
na mvua ikianza tunavua mashati
tunaifunika yeye.

Baba yake Nabintu anasema msichana hapigi ngoma,
msichana hutwanga muhogo.
Nabintu anatwanga.
Twa-twa-ka, twa-twa-ka, ti,
mguu wa kulia unakanyaga pedali isiyokuwapo,
na unga unatoka laini kuliko wa dada zake.

Halafu akaja mtu kutoka Nguba,
viatu vyake havijawahi kuonana na matope.
Ana karatasi, ana kalamu mbili.
Tupunguze mwendo, alisema. Tutie sebene.
Huyu wa ngoma tumtafutie mwanaume,
yeye acheze mbele, ana umbo.
Nabintu alikuwa anafunga kamba ya kiatu.
Aliifunga muda mrefu sana.
Cirhuza akasema hapana, na Akonkwa akasema hapana,
na mimi nikasema hapana wa tatu,
lakini ile karatasi niliisoma mara mbili:
dola mia tatu.
Karo ya mdogo wangu ni mia na ishirini.
Sijawaambia kwamba niliisoma mara mbili.

Kwa hiyo saini yetu ipo mahali pamoja tu,
daftari la madeni la Mama M'Rhugenda,
kati ya fundi viatu na mwalimu wa hesabu:
Umerudi, mikate minne, chai, betri.
Mtalipa lini?
Ukirudi, mama.
Anacheka, anaandika, anapigia mstari.

Jana ilikuwa Ijumaa, spika iko kanisani,
kilima cheusi hadi ziwani,
na ng'ambo Kamembe imewaka
kama arusi ambayo hatukualikwa.
Saa nane usiku mtoto mmoja, nusu usingizini,
akaita jina letu kwenye kichochoro.
Mmoja tu. Wengine walikuwa wamelala.
Leo Akonkwa anasema alikaa kitandani akatafuta gitaa.
Cirhuza alichomeka simu, akalala.
Nabintu alihesabu hadi nne.
Mimi nimesema sikusikia kitu.
Niliitika.